Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: dawa za usingizi na seli za kinga kwenye mapafu yaliyovimba

Haya maswali yanarudi kila mara, mengine kwa wagonjwa wanaosubiri kuingia thieta, mengine kwa ndugu waliokesha nje ya ICU, na mengine kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanaokuta majibu yanapingana kila wanaposoma. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu mdomoni, kwa hiyo kuna sehemu nitaenda mbali na sehemu nitapita haraka.

Dawa ya usingizi si inafanya kazi kwenye ubongo tu? Kinga ya mwili inaingiaje hapo?

Ubongo ndo tunaoulenga, sawa, lakini dawa ikishaingia kwenye damu inafika kila damu inapofika, na damu yote ya mwili lazima ipite kwenye mapafu. Zile za kuvuta kama sevoflureni na isoflureni ndo kabisa, zinaanzia kwenye mapafu kabla hazijaona ubongo.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba seli za kinga zina vipokezi vinavyofanana na vya ubongo. Kipokezi cha GABA ambacho propofoli inakishika ili ulale, kipo pia kwenye makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) na kwenye seli T (aina ya seli nyeupe za damu). Na kuna njia nyingine ambayo haihusiani na usingizi hata kidogo: seli nyeupe zina kishikizo kinaitwa LFA-1, ndo kama ndoano ya kujishikiza kwenye ukuta wa mshipa, na isoflureni imeonekana ikiingia kwenye kishimo cha hiyo ndoano na kuizuia isifunguke vizuri. Seli isiposhika ukuta haiwezi kutoka nje ya mshipa. Kwa hiyo dawa hiyohiyo inayomlaza mtu inapunguza pia idadi ya askari wanaofika kwenye pafu.

Mapafu "kuvimba" maana yake nini hasa? Ni uvimbe kama kansa?

Hapana, na hili neno linachanganya watu sana. Hapa simaanishi donge. Namaanisha ile hali ya mwili kupambana, kama kidole kinavyokuwa chekundu, cha moto na kujaa kikiingia mwiba, ila sasa inatokea ndani ya pafu. Wengine wanaiita inflamesheni.

Ngoja nieleze kwa karibu maana bila hii picha majibu mengine hayataeleweka. Pafu lina vifuko vya hewa mamia ya milioni, kila kimoja ukuta wake ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, upande mmoja hewa upande mwingine damu. Ndani ya kifuko anakaa mlinzi, makrofaji, anatembea anameza vumbi na bakteria kimyakimya bila wewe kujua. Bakteria wakizidi, au mgonjwa akivuta matapishi, makrofaji anatoa kemikali za kuita msaada, zinaitwa saitokaini, majina yake utayasikia kama TNF, IL-1, IL-6, IL-8. Nyutrofili, yaani zile seli nyeupe zinazokimbilia kwenye maambukizi, zikisikia huo wito zinaanza kujibana. Nyutrofili ni pana kuliko mishipa mingi midogo ya pafu, kwa hiyo hata siku ya kawaida inabidi ijinyooshe kama soseji ili ipite, na ikiamshwa na saitokaini inakuwa ngumu, inakwama, inajishikiza, alafu inapenya ukutani na kuingia kwenye kifuko. Huko inamwaga vimeng'enya na sumu za oksijeni kuua bakteria. Shida ni kwamba sumu hizo haziangalii nani bakteria nani ukuta wa kifuko. Ukuta ukitoboka maji ya damu yanavuja, kifuko kinajaa, na oksijeni haipiti tena.

Hali ikifika mbaya kabisa pande zote mbili ndo tunaita ARDS. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na Ashbaugh na wenzake, wagonjwa 12 tu, na mpaka leo haina dawa ya kuitibu moja kwa moja, tunamsaidia mgonjwa apumue huku tunatibu kilicholeta tatizo.

Kwa hiyo dawa za usingizi zinaziamsha seli za kinga au zinazituliza?

Kwa ujumla zinazituliza. Karibu zote, kwa viwango tofauti. Ukichukua nyutrofili ukaziweka kwenye maabara na dawa ya usingizi kwa kiwango kile anachopata mgonjwa, zinatembea polepole, zinameza kidogo, zinatoa sumu ya oksijeni kidogo. Makrofaji zinatoa saitokaini chache, na sehemu kubwa ya hiyo inapitia swichi moja ndani ya seli inaitwa NF-kB, ambayo ndo inawasha jeni za uvimbe.

Lakini usiishie hapo. Kuna utafiti wa watu waliokuwa na mapafu mazima waliofanyiwa upasuaji mrefu, wakawa wanaoshwa sehemu ya pafu kidogo kidogo ili kuvuna makrofaji, na ikaonekana kadri saa zinavyosogea makrofaji zinazidi kuchoka kumeza na kuua bakteria, isoflureni ikizidi propofoli, na wakati huohuo jeni za saitokaini ndani ya seli hizohizo zilikuwa zinapanda. Yaani mlinzi amelegea lakini bado anapiga kelele. Ndo maana mimi sipendi mtu anaposema kirahisi dawa fulani "inashusha kinga" akamaliza. Inategemea pafu lilikuwaje kabla, na inategemea seli gani, na inategemea saa ngapi.

Kutuliza kinga si ni vizuri kama kinga ndo inaharibu pafu?

Hapa ndo kwenye kiini cha jambo lote.

Kama pafu limeumia bila wadudu, mfano pafu lililobanwa kwa muda wa saa 3 ili daktari afanye kazi kwenye kifua alafu likajazwa hewa tena, au damu iliyopita kwenye mashine ya moyo, pale nyutrofili zinakuja kupigana na adui ambaye hayupo. Kuzituliza kunaokoa nyama ya pafu. Lakini kama kuna nimonia, bakteria wapo kweli, wanazaana, na wewe unamtuliza askari wakati mwizi yuko ndani. Na kwa mgonjwa mmoja vitu hivi viwili vinapishana: siku ya kwanza anaungua kwa uvimbe uliopitiliza, siku ya nne ya tano kinga yake imechoka kabisa na anapata nimonia ya pili, ile inayotokana na mashine ya kupumulia. Dawa ambayo ingemfaa siku ya kwanza inaweza kumuumiza siku ya tano. Hakuna kipimo cha kitandani kinachokwambia kwa uhakika mgonjwa yupo upande gani, na kwa maoni yangu hilo ndo pengo kubwa kuliko lile la kutafuta dawa mpya.

Nimesoma kwamba sevoflureni inatibu mapafu. Ni kweli?

Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu limewahi kunipa matumaini makubwa na mimi pia.

Ilianza na panya. Ukimpa panya sumu ya bakteria kwenye mapafu alafu ukamlaza na sevoflureni badala ya dawa ya mshipa, nyutrofili zinazoingia kwenye vifuko zinapungua, saitokaini zinapungua, oksijeni inapanda. Ikarudiwa na watu wengi. Kisha wakaja kwa binadamu wanaofanyiwa upasuaji wa kifua, wale ambao pafu moja linazimwa, na waliopata sevoflureni au desflureni (nayo ni ya kuvuta) walikuwa na alama za uvimbe kidogo kwenye majimaji ya pafu kuliko waliopata propofoli. Alafu mwaka 2017 Ufaransa wakatoa jaribio dogo la wagonjwa 50 wa ARDS, wa sevoflureni wakawa na oksijeni nzuri zaidi siku ya pili na saitokaini chache. Kila kitu kilikuwa kinaelekea upande mmoja.

Ila ishara ya tahadhari ilishakuwepo. Mwaka 2016 kule Uswisi walichukua wagonjwa 460 wa upasuaji wa mapafu, nusu desflureni nusu propofoli, wakahesabu matatizo makubwa na vifo badala ya saitokaini, na hakukuwa na tofauti.

Kisha mwaka 2025 likatoka jaribio kubwa la SESAR, Ufaransa tena, wagonjwa 687 wa ARDS, sevoflureni dhidi ya propofoli. Waliokuwa hai baada ya siku 90 ni asilimia 47.1 kwa sevoflureni na asilimia 55.7 kwa propofoli. Sevoflureni ndo ilifanya vibaya. Nilivyosoma zile namba nilikaa kimya kidogo, kwa sababu kila kitu nilichokuwa nafundisha kuhusu njia za NF-kB na nyutrofili kilikuwa bado ni kweli, na bado wagonjwa wengi zaidi walikufa.

Kwa nini? Inawezekana ni kinga iliyotulizwa wakati inahitajika, inawezekana ni usingizi mzito kupita kiasi unaoshusha presha, inawezekana ni viungo vingine nje ya pafu. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba saitokaini kushuka kwenye karatasi ya maabara sio sawa na mtu kurudi nyumbani. Na usichukue hii ukaogopa sevoflureni kwenye upasuaji wa saa 1 au 2, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, wale wa SESAR walikuwa wanalazwa nayo kwa siku kadhaa wakiwa na mapafu yaliyoharibika tayari.

Propofoli je? Ile nyeupe kama maziwa.

Weupe wake ni mafuta, mafuta ya soya pamoja na lesithini ya yai, kwa sababu propofoli yenyewe haichanganyiki na maji. Kimaumbile ni fenoli, inafanana kidogo na vitamini E, kwa hiyo inazima zile sumu za oksijeni ambazo nyutrofili inazimwaga, na hilo ni jambo zuri kwa ukuta wa kifuko. Kwa upande mwingine inazipunguzia nyutrofili mwendo na makrofaji uwezo wa kumeza.

Lakini hatari ya propofoli ambayo mimi naihangaikia kila siku ni nyingine na ni ya kawaida kabisa: yale mafuta ni chakula cha bakteria. Miaka ya 1990 kulitokea milipuko ya maambukizi ya damu kwenye hospitali kadhaa Marekani, na chanzo kilikuwa propofoli iliyofunguliwa na kushikwa bila usafi, sindano moja kutumika kwa zaidi ya mgonjwa mmoja, vitu vya hivyo. Baadaye ndo wakaanza kuweka kizuizi cha bakteria kwenye baadhi ya matoleo. Kwa hiyo ukiona nesi anafuta kifuniko cha chupa kwa spiriti, anasubiri kikauke, anavuta dawa, anaandika saa kwenye bomba la sindano, na zikipita saa 6 tangu hapo anaimwaga hata kama imebaki nusu, ujue anailinda kinga ya mgonjwa kuliko mjadala wowote wa vipokezi.

Ketamini inafaa kwa mtu mwenye pumu au mapafu yaliyovimba?

Mara nyingi ndio. Inapanua njia za hewa, haimzimi mtu pumzi kama nyingine, presha inabaki juu, na imeonekana kushusha IL-6 baada ya upasuaji mkubwa hasa wa moyo. Ubaya wake ni mate na makohozi kuongezeka, na kwa mtu mwenye njia za hewa zenye hasira hayo makohozi yakigusa koromeo linaweza kujifunga, kwa hiyo suction, ile mashine ya kufyonza makohozi, iwe mkononi. Kwa pumu sevoflureni nayo inapanua njia za hewa vizuri, ila desflureni inawasha, wengi tunaikwepa kwa watu hawa.

Kwanini madaktari wengine wanaogopa etomideti?

Kwa sababu ya kotisoli. Mwaka 1983 kule Uingereza waligundua kwamba majeruhi waliokuwa wanalazwa ICU kwa dripu ya etomideti wanakufa zaidi, na ikajulikana kwamba dawa hii inazuia kimeng'enya kwenye tezi za juu ya figo kinachotengeneza kotisoli. Kotisoli ndo breki ya mwili yenyewe juu ya uvimbe. Dripu iliachwa. Dozi moja ya kuwekea mpira wa kupumulia bado inatumika kwa sababu haishushi presha, lakini hata hiyo moja inaweza kuzima tezi kwa siku nzima au zaidi, na kwa mtu mwenye sepsisi (maambukizi yaliyoufanya mwili uharibu viungo vyake wenyewe) iliyoanzia kwenye mapafu watu bado wanabishana.

Thiopentoni?

Ikitumika kwa dozi moja sina wasiwasi. Ikitumika siku nyingi kama kwa majeruhi wa kichwa, nyutrofili zinadhoofika na nimonia zinaongezeka, hilo limejulikana muda mrefu.

Na deksmedetomidini, ile inayosifiwa sana siku hizi?

Inatuliza bila kuzima pumzi, inapunguza kelele za mfumo wa neva wa hofu, na kwa wanyama inapunguza uvimbe wa mapafu kwa sehemu kupitia neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kwenda kifuani na tumboni. Nzuri sana kwa maelezo. Kisha mwaka 2021 jaribio la MENDS2 likailinganisha na propofoli kwa wagonjwa wa sepsisi waliokuwa kwenye mashine, na matokeo yakawa sawa. Naipenda kwa sababu mgonjwa anaamka unaongea naye anakuelewa, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuitumia.

Mofini na dawa kali za maumivu zinashusha kinga, si bora mgonjwa avumilie?

Hapana tafadhali, hili naliomba kabisa. Ni kweli mofini inapunguza nguvu ya makrofaji na seli za NK (seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa). Lakini mtu mwenye maumivu ya kifua au tumbo baada ya upasuaji havuti pumzi ndefu na hakohoi, makohozi yanakaa chini ya mapafu, vifuko vinajifunga, na ndani ya siku chache ana nimonia. Maumivu yenyewe nayo yanamwaga adrenalini na kotisoli zinazobana kinga. Njia nzuri ni kuchanganya, ganzi pale inapowezekana, parasetamoli, na mofini kwa kiasi kidogo kinachotosha kumfanya akohoe.

Ganzi ya mgongo ni salama zaidi kwa mwenye kifua kibovu?

Kwa upasuaji wa chini ya kitovu mara nyingi ndio, kwa sababu hakuna mpira kooni, hakuna mashine, na zile homoni za mshtuko wa upasuaji mwili hauzitoi kwa wingi. Ila ganzi ikipanda juu sana inalegeza misuli ya mbavu, na mtu ambaye anaishi kwa kutumia misuli hiyo kukohoa ataumia. Mtu asiyeweza kulala chali bila kukosa pumzi naye ganzi ya mgongo inamtesa tu.

Mashine ya kupumulia yenyewe haina lawama?

Inayo, tena kubwa. Ukisukuma hewa nyingi kwenye pafu lililovimba unavinyoosha vile vifuko vichache vilivyobaki wazima mpaka navyo vinaanza kutoa saitokaini. Mwaka 2000 jaribio moja Marekani la wagonjwa 861 lilionyesha kwamba kutoa mililita 6 kwa kila kilo badala ya 12 kulishusha vifo kutoka asilimia 39.8 mpaka 31. Na hiyo kilo inahesabiwa kwa urefu wa mtu, sio uzito wake kitandani, kosa ambalo bado nalikuta. Hakuna dawa ya usingizi iliyowahi kuleta nafuu ya ukubwa huo kwa mapafu haya. Ndo maana mtu akiniuliza dawa gani nimpe huyu mwenye ARDS, kwanza naangalia namba kwenye mashine.

Mtoto wangu ana mafua na kesho ana upasuaji. Tuendelee?

Wapigie simu leo, usisubiri asubuhi. Mafua ya kawaida yanaziacha njia za hewa za mtoto na hasira kwa wiki 2 mpaka 6 hata kama kamasi zimekauka, na hatari kubwa hapo ni koo kujifunga na oksijeni kushuka ghafla wakati wa kulala au kuamka. Kama ana homa, kohozi zito la rangi, anapumua kwa kukoroma kifuani au amepoa kabisa hachezi, upasuaji usio wa dharura unaahirishwa. Kama ni kamasi jepesi tu na anakimbia, wengi wataendelea kwa uangalifu. Usifiche kikohozi kwa kuogopa kurudishwa, nimeshashika kinyago usoni kwa mtoto ambaye mama alisema hana kitu, na midomo ilivyobadilika rangi ndo mama akasema alikuwa anakohoa usiku kucha. Alipona, lakini zile dakika sikuzisahau.

Kinga inarudi lini baada ya nusu kaputi?

Athari ya dawa yenyewe kwenye seli inaisha ndani ya saa kadhaa dawa ikishatoka. Kinachobaki siku kadhaa ni athari ya upasuaji, kidonda, damu iliyopotea, baridi ya thieta, kukosa usingizi. Kwa mtu mzima wa afya na upasuaji mdogo hata hutaona tofauti.

Ndugu yangu yuko ICU kwa nimonia kali na wanampa dawa za usingizi kila siku. Niombe wabadilishe aina?

Mimi nisingeanzia hapo. Uliza kama kuna mpango wa kupunguza dawa kila siku kuona anaamka vipi, maana usingizi mzito usio wa lazima unamweka kwenye mashine muda mrefu, na kila siku kwenye mashine ni nafasi nyingine ya nimonia mpya. Uliza kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa, nyuzi 30 hivi. Uliza hewa anapewa mililita ngapi kwa kilo na wamempima urefu lini. Muulize nesi mdomo wake umesafishwa saa ngapi. Haya maswali hayamuudhi mtaalamu anayejua kazi yake, na ukimkuta nesi anamfuta kinywa taratibu kwa sponji, anamwita kwa jina ingawa amelala, kaa pembeni umshike mkono na wewe umwite.